Nyuma ya Sikio

Nilipozaliwa, Kiponda, chumba cha juu ya duka la misumari,
Nani hakunitazama uso.
Alinipindua sikio kwa kidole chenye harufu ya kitunguu,
akachungulia nyuma,
akasema: huyu atakolea.
Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeonja chai.

Kisha kidole kile kile akakichovya wanja,
pale pale akatia nukta,
jicho la mtu lisinipate.

Leo nina miaka thelathini na mmoja na kaunta yangu mwenyewe,
duka la dawa, Darajani, feni ikizunguka kwa hisani ya umeme.
Batul, mdogo wangu, kaingia na rida yake
kajifunika mpaka chini ya macho.
Zimebaki siku kumi na tisa aolewe.
"Dada Insiya, usipige kelele."
Akafunua.

Mashavuni mabaka, rangi ya zambarau bivu.
Kipaji kimebanduka kama chokaa ya ukuta ulionyonya masika.
Akanipa kikopo. Hakina jina, kina picha ya mwanamke tu,
na mwanamke huyo hana hata kinyweleo kimoja.
Nikakinusa, kwa mazoea.
Zebaki haina harufu. Ndiyo ubaya wake.

Sikupiga kelele. Nilimwambia ninachokijua:
kwamba wewe na yule mgeni aliyeungua Nungwi jana
chembe zenu za kutia rangi zinakaribiana kwa idadi,
ila zako ni mafundi wasiolala,
zake huja saa nne, saa sita washafunga mikoba.
Kwamba ngozi yetu ikiumizwa hailii machozi, inalia wino.
Mbu akuume leo, doa utalisoma mpaka mfungo sita.
Basi ukiikwangua ing'ae, unaifundisha kukoza.
Na ndimu usoni, halafu ukatoka juani,
huo si urembo, huo ni ugomvi.

"Na liwa je? Na manjano ya Nani?"
Liwa haina neno ikiwa ni liwa kweli. Manjano yatachafua foronya.
Lakini chochote kile, anza nyuma ya sikio,
kiasi cha punje ya mtama, siku mbili, usiku na mchana,
ngozi ijibu yenyewe.
Sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa; lako bado.
Akacheka. Mdomo ukamuuma, akanyamaza.

Nikampaka ya jua. Akawa jivu,
kama papa wa chumvi aliyesahauliwa juu ya jamvi.
Hapo tukacheka sote wawili, na mteja mmoja pia.
Nikatafuta ile yenye kutu ya chuma ndani yake,
rangi ya mabati ya Malindi,
inayozuia hata ule mwanga mpole wa dirishani
ambao hauunguzi mtu lakini madoa hauyasamehi.
Ikazama. Akabaki Batul.

Usiku nilifungua kitabu changu cha chuoni, ukurasa wenye picha
niliyoikariri kwa ajili ya mtihani bila kuiona:
chembe moja ya ngozi, imekuzwa mara elfu,
na punje za rangi ndani yake hazikutawanyika ovyo.
Zimejikusanya upande wa jua, juu ya kiini,
kofia ndogo nyeusi.
Nikaitazama mpaka chai ikapoa.
Nani kapita humu, chembe kwa chembe,
na kidole cha wanja?

Mabaka hayakwisha kwa siku kumi na tisa. Huchukua miezi.
Mpiga picha akauliza ampaushe kwenye kompyuta
kwa bei ile ile, bure kabisa, ni fadhila tu.
Batul hakumjibu, alikuwa anatafuta kiatu.

Kabla hajashuka ngazi nilimpindua sikio.
Nilikuwa nakagua dawa tu, wallahi.
Hapana wekundu, hapana upele.
Pamekolea.